Ujira wa Fundi na Ada ya Wakili

Kazi ya mikono ina heshima yake, na heshima ya kwanza ya kazi ni kulipwa ujira. Seremala aweza kusifiwa kwa maneno matamu tangu asubuhi hata jioni, lakini sifa haziingii chunguni, wala watoto hawashibi kwa kusikia kwamba baba yao ni hodari wa randa na patasi. Kwa sababu hii mataifa yaliyostaarabika yametunga sheria za kumlinda mtenda kazi asidhulumiwe jasho lake. Katika insha hii nataka, msomaji, tutazame jinsi taifa moja, Marekani, lilivyojaribu kumhakikishia mjenzi ujira wake. Jinsi lilivyotambua baadaye kwamba haki isiyo na fedha ya kuidai ni nusu ya haki. Na jinsi mahakama zake zilivyoshindana kwa miaka mingi juu ya swali moja: je, ni halali kwa katiba kumlazimisha mwenye jengo aliyeshindwa katika shauri alipe ada ya wakili wa fundi, ilhali fundi akishindwa halipi ada ya wakili wa mwenye jengo?

Kwa juu juu swali hili laonekana kuwa la mawakili peke yao. Lakini ukilichimbua utakuta chini yake mzizi mnene unaotuhusu sote, nao ni huu: usawa mbele ya sheria ni kitu gani? Je, ni kuwatendea watu wote namna moja, au ni kumwongezea nguvu aliye dhaifu ili aweze kusimama sawa na mwenzake?

Na tuanze na tabia ya kazi yenyewe. Mshona nguo akiletewa kitambaa ashone koti, koti humo mikononi mwake mpaka alipwe. Mteja asipolipa, koti halitoki dukani. Sheria ya zamani ya Uingereza, ambayo Waamerika waliirithi, ilimkubalia fundi wa namna hii akishike kitu alichokitengeneza mpaka apate haki yake. Haki hiyo yahitaji kitu kimoja tu, nacho ni kwamba mali iwe mikononi mwa fundi. Lakini mwashi afanye nini? Jiwe likisha kupandishwa ukutani na kushikwa na chokaa, haliwi tena jiwe la mwashi. Mbao zikisha kupigiliwa misumari darini, haziwi tena mbao za aliyeziuza. Sheria hiyo ya zamani ilisema kwamba kilichoungamanishwa na ardhi hufuata ardhi, na ardhi ni ya mwenyewe. Mwashi hawezi kuibeba nyumba mgongoni aende nayo kwake. Basi mwashi, ambaye huenda ametoa kazi ya miezi mitatu, alikuwa dhaifu kuliko mshona koti aliyetoa kazi ya siku tatu. Alibaki mdai tu miongoni mwa wadai wengine, akingoja huruma ya mdaiwa.

Marekani ilikuta tatizo hili mapema katika maisha yake. Mwaka wa 1790 Bunge la taifa liliamua kujenga mji mkuu mpya kando ya mto Potomac, mahali ambapo hapakuwa na mji mkubwa. Mji huo ndio uitwao Washington hivi leo. Kujenga mji mahali pasipo na mji kwataka waashi, maseremala, wachoma matofali na wauza mbao, na watu hao hawaji kwa hiari mahali ambapo hawana hakika ya malipo. Thomas Jefferson na James Madison walikuwa miongoni mwa viongozi waliotaka iwepo sheria ya kuwatia moyo wajenzi. Ndipo mwezi wa Desemba, mwaka wa 1791, baraza la kutunga sheria la jimbo la Maryland lilipopitisha sheria iliyompa mjenzi haki juu ya jengo lenyewe. Asipolipwa, jengo alilolijenga lawa rehani ya deni lake.

Hapa hatuna budi kusema ukweli mmoja mchungu, kwa maana historia isiyosema machungu si historia. Wengi wa watu waliopasua mawe na kukata mbao za majengo makubwa ya mji ule, pamoja na nyumba ya Rais na jumba la Bunge, walikuwa watumwa. Walikodishwa na mabwana zao, na ujira wa kazi yao ulilipwa kwa mabwana hao. Sheria nzuri ya ujira ilizaliwa mahali ambapo baadhi ya watenda kazi hawakuwa na haki ya ujira wo wote. Jambo hili likumbukwe na kila asomaye habari za sheria. Sheria yaweza kufungua mlango kwa haki huku imewasahau kabisa wale waliosimama nje ya ua.

Sheria ya Maryland haikukaa peke yake. Pennsylvania ilifuata mwaka wa 1803, na katika karne ile ya kumi na tisa majimbo mengine yakafuata moja baada ya jingine. California ilikwenda mbele zaidi. Mwaka wa 1879 iliiandika haki hii ndani ya katiba yake mpya, ili bunge la siku za baadaye lisiweze kuifuta kwa kura ya mchana mmoja.

Sasa na tuone jinsi rehani hii ya fundi inavyofanya kazi. Rehani ya kawaida hutokana na mapatano. Mtu huweka shamba au kidani chake kwa mkopeshaji kwa hiari yake. Rehani ya fundi haitokani na mapatano, huwekwa na sheria yenyewe. Fundi asiyelipwa huandika dai lake na kulipeleka katika ofisi ya serikali panapowekwa daftari za ardhi, na lazima afanye hivyo katika muda uliowekwa. Akichelewa, haki yake hupotea. Dai hilo likisha kuandikwa, mwenye jengo huona taabu kuliuza au kukopa fedha juu yake, maana kila anunuaye huangalia daftari kwanza. Deni lisipolipwa, fundi hupeleka shauri mahakamani, na mahakama ikiridhika yaweza kuamuru jengo na kiwanja viuzwe, na fundi alipwe kutoka katika fedha za mauzo.

Tena haki hii haikuishia kwa fundi mkuu aliyeagana na mwenye jengo. Katika majimbo mengi iliwafikia pia mafundi wa chini walioajiriwa na mkandarasi, na wauzaji wa mbao, saruji na misumari. Shika neno hili, msomaji, kwa kuwa tutalihitaji mbele. Mwenye jengo aweza kudaiwa na mtu ambaye hakuagana naye kamwe. Aweza kuwa amekwisha mlipa mkandarasi fedha zote, na mkandarasi akatoweka nazo bila kuwalipa watu wake. Asubuhi mwenye nyumba huamka na kukuta nyumba yake imefungwa na deni la mtu asiyemjua.

Haki hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na upungufu mmoja. Kuipata kulihitaji shauri, shauri lilihitaji wakili, na wakili hafanyi kazi bure. Huko Uingereza desturi ya kale, yenye asili yake katika sheria ya Gloucester ya mwaka wa 1278, ni kwamba ashindwaye humlipa mshindi gharama zake. Marekani ilishika njia nyingine. Mwaka wa 1796, katika shauri la Arcambel na Wiseman, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuingiza dola 1,600 za ada ya mawakili katika fidia ya mshindi, ikasema kwamba desturi ya nchi yao haikubali jambo hilo. Tangu hapo kanuni ya Waamerika imekuwa kwamba kila mtu humlipa wakili wake mwenyewe, ashinde au ashindwe, isipokuwa pale ambapo sheria iliyotungwa au mapatano yamesema vinginevyo.

Fikiri basi hali ya fundi mdogo. Tuseme anadai dola 80 za kupaka rangi na kupiga lipu. Wakili ataka dola 50. Fundi akishinda shauri lake kwa ushindi kamili, hurudi nyumbani na dola 30. Mwenye jengo mwerevu ajua hesabu hiyo pia. Humwambia fundi, "Nenda mahakamani ukitaka," hali akijua kwamba mahakama itamla fundi kabla fundi hajamla yeye. Wahenga wetu walisema kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Mdaiwa wa namna hii hapendi hata kuyahudhuria matanga yenyewe.

Kwa ajili ya kuziba ufa huu, mabunge ya majimbo kadha wa kadha katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa yaliongeza kifungu katika sheria zao za rehani ya fundi. Kifungu hicho kilisema kwamba fundi akishinda, mahakama itamwongezea ada ya wakili iliyo ya kiasi, na ada hiyo italipwa na mwenye jengo au kutolewa katika fedha za mauzo. Vingi vya vifungu hivyo vilikuwa na upande mmoja tu. Mwenye jengo akishinda, hata kama dai la fundi lilikuwa la uongo, hakupata ada yo yote kwa wakili wake.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza. Sisi Waswahili husema kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Wenye majengo waliuliza: mbona msumeno huu wakata kwa kwenda mbele tu? Walikuwa na silaha madhubuti mkononi. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, mwaka wa 1868, katiba ya Marekani ilitiwa Nyongeza ya 14, iliyokataza jimbo lo lote kumnyima mtu ulinzi sawa wa sheria. Nyongeza hiyo ilikusudiwa hasa kuwalinda watu weusi waliotoka utumwani. Lakini maneno yake yalikuwa mapana, na upesi yakashikwa na watu wa kila namna, hata makampuni ya reli.

Naam, ni kampuni ya reli iliyolifikisha swali la ada mbele ya Mahakama ya Juu kwa kishindo. Jimbo la Texas lilitunga sheria mwaka wa 1889. Mtu mwenye dai lisilozidi dola 50 juu ya kampuni ya reli, kwa ajili ya ujira, au nauli ya mizigo iliyopita kiasi, au mnyama aliyeuawa na gari la moshi, akilikabidhi dai lake na lisilipwe katika siku 30, kisha akashinda mahakamani, alikuwa na haki ya kuongezewa ada ya wakili isiyozidi dola 10. Bwana mmoja aitwaye Ellis aliuliwa mwana-farasi wake na gari la moshi. Akahukumiwa apewe dola 50 za mnyama na dola 10 za wakili. Dola 10 hizo ndizo zilizopanda ngazi zote mpaka mahakama iliyo kubwa kuliko zote nchini. Mwaka wa 1897 mahakama hiyo ilitoa hukumu kwa kampuni ya reli. Jaji Brewer, akiandika kwa niaba ya wenziwe walio wengi, alieleza kwamba sheria ile iliwachagua wadaiwa wa aina moja na kuwatia adhabu kwa kutolipa madeni, ilhali wadaiwa wengine wote wasiolipa hawakuadhibiwa. Alikubali kwamba bunge laweza kuwagawa watu katika mafungu, lakini ugawaji huo lazima uwe na sababu yenye kuhusiana na jambo lenyewe. Majaji watatu hawakukubaliana naye.

Lakini tazama ajabu. Miaka miwili tu baadaye, mwaka wa 1899, lilikuja shauri jingine kutoka jimbo la Kansas. Sheria ya huko ilimpa ada ya wakili mtu ambaye mali yake iliunguzwa na moto uliosababishwa na reli. Mara hii mahakama iliikubali sheria hiyo, kwa majaji watano dhidi ya wanne, na mwandishi wa hukumu alikuwa Jaji Brewer yule yule. Sababu yake ilikuwa kwamba injini za moshi hurusha cheche, na cheche huteketeza mashamba. Hivyo ada ile haikuwa adhabu ya kutolipa deni, ilikuwa njia ya kuwafanya wenye reli wajihadhari na moto. Jaji Harlan na wenzake walioshindwa hawakuiona tofauti hiyo. Huenda nawe, msomaji, ukaiona kuwa nyembamba kama uzi wa buibui. Walakini kanuni iliyotokana na mashauri haya mawili yaeleweka. Kumtofautisha mtu mmoja na mwingine si haramu peke yake. Haramu ni kumtofautisha bila sababu itokayo katika kusudi la sheria.

Basi majaji wa majimbo waliomkabili fundi na mwenye jengo walikuwa na kipimo, lakini kila mmoja alikitumia kwa jicho lake. Swali lilikuwa hili: je, fundi mjenzi afanana na mwenye mwana-farasi, au afanana na mwenye shamba lililoungua?

Waliokikubali kifungu cha ada walikuwa na hoja nzito. Walisema kwamba rehani ya fundi ni kitu kilichoumbwa na sheria, na aliyekiumba aweza kukipa masharti yake. Walisema kwamba fundi ametia kazi yake katika ardhi ya mwingine na hawezi kuitoa tena. Ardhi imeongezeka thamani, na mwenye ardhi amekwisha faidi. Walisema kwamba ada ya wakili ni sehemu ya gharama ya kuupata ujira, na fundi asiporudishiwa, ujira wake huwa umepunguzwa na ukaidi wa mdaiwa. Tena, mdaiwa asiyetaka kulipa ada ana njia nyepesi ya kuiepuka, kwa maana dawa ya deni ni kulipa. Kwa hoja za namna hii Montana ilikikubali kifungu hicho mwaka wa 1892, Washington mwaka wa 1897, na Idaho mwaka wa 1903. Montana ililitazama jambo hilo tena mwaka wa 1911, wakati ambapo mahakama nyingine zilikuwa zimekwisha kulikataa, nayo ikashikilia neno lake la kwanza.

Waliokikataa nao hawakuwa watu wasiojali maskini. Waliuliza: kwa nini mdaiwa wa fundi alipe ada, ilhali mdaiwa wa mwoka mikate, au wa mpangishaji, au wa mkulima aliyeuza pamba yake, halipi? Wote ni wadaiwa, na wote wamefaidi mali ya wenzao. Kushindwa kulipa deni si uovu wa pekee utokeao katika ujenzi. Tena wakamtazama yule mwenye nyumba niliyekuambia umshike akilini, ambaye amekwisha lipa na hana kosa. Mtu huyo akija mahakamani kujitetea kwa moyo safi, anajitetea chini ya tishio. Akishindwa atalipa deni, na ada ya wakili wake, na ada ya wakili wa mwenzake. Akishinda hapati kitu. Mdai mwongo hatishwi na lo lote. Kwa hivyo, walisema, kifungu hiki chamtoza mtu faini kwa kuthubutu kuingia mlango wa mahakama, na mlango wa mahakama wapaswa kuwa wazi kwa wote kwa bei moja.

Alabama ilikikataa kifungu hicho mwaka wa 1895. Colorado ilikikataa mwaka wa 1900 katika shauri la Davidson na Jennings. Illinois ilifuata mwaka wa 1908. Lakini hukumu inayostahili kutazamwa zaidi ni ya California, ya mwaka wa 1907, katika shauri la kampuni ya vifaa vya ujenzi iitwayo Builders' Supply Depot na O'Connor. Mji wa San Francisco ulikuwa umeharibiwa na tetemeko la ardhi na moto mwezi wa Aprili, mwaka wa 1906, na sasa ulikuwa ukijengwa upya. Nyundo zilisikika katika kila mtaa, na deni za ujenzi zilizagaa kama vumbi la matofali. Wakati huo huo mahakama ya juu ya jimbo ikasema kwamba kifungu kilichompa fundi mshindi ada ya wakili, bila ya kumpa mwenye jengo aliyeshinda, kilivunja katiba. Hili ndilo jimbo lile lile lililoiandika rehani ya fundi ndani ya katiba yake mwaka wa 1879. Majaji hawakuona mgongano. Kwao, katiba ilimwahidi fundi rehani kwa ajili ya kazi na vifaa vyake. Haikumwahidi kwamba mpinzani wake atapigana naye akiwa amefungwa mkono mmoja.

Huenda utauliza imekuwaje nchi moja, yenye Nyongeza moja ya 14, ikatoa majibu mawili kinyume. Kila jimbo la Marekani lina katiba yake na mahakama yake ya mwisho, na mahakama hiyo huwa na sauti ya mwisho juu ya katiba ya jimbo lake. Kwa hiyo fundi wa Idaho na fundi wa Colorado waliweza kufanya kazi ile ile, kwa ustadi ule ule, wakanyimwa malipo kwa dhuluma ile ile, na mmoja akalipiwa wakili, mwingine akajilipia.

Mahakama ya Juu ya taifa nayo haikusimama mahali pamoja. Mwaka wa 1914 ilirudishwa tena Texas. Jimbo hilo lilikuwa limejifunza kwa kushindwa kwake, na mwaka wa 1909 lilitunga sheria mpya ambayo haikuwachagua wenye reli. Ilihusu madai madogo yasiyozidi dola 200 juu ya mtu ye yote au kampuni yo yote, na ada isiyozidi dola 20. Bado ilikuwa na upande mmoja, maana mdaiwa akishinda hakupata ada. Hata hivyo mahakama, kwa kalamu ya Jaji Pitney, iliikubali katika shauri la kampuni ya reli na Cade. Ilisema kwamba bunge laweza kuwasaidia wenye madai madogo walipwe upesi, na kwamba mdai na mdaiwa hawako katika hali moja hata walazimike kutendewa sawasawa katika kila jambo. Toka hapo ukali wa hukumu ya mwaka wa 1897 ulipungua, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1930 mahakama hiyo imekuwa ikiyaachia mabunge nafasi kubwa zaidi katika mambo ya fedha na biashara.

Walakini suluhu iliyodumu haikutoka kwa majaji peke yao. Ilitoka pia kwa watunga sheria, nayo ilikuwa nyepesi kiasi cha kumfanya mtu ashangae kwa nini haikuonekana zamani. Kama kosa ni msumeno kukata upande mmoja, basi utiwe meno upande wa pili. Badala ya kuandika kwamba fundi mshindi atapewa ada, majimbo kadhaa yaliandika kwamba mshindi atapewa ada, awe fundi au mwenye jengo. Ndivyo zisemavyo leo sheria za rehani ya fundi za Florida, Washington na Oregon. California nayo ilipeleka fikira hiyo katika mapatano. Kwa kanuni ya mwaka wa 1968, mkataba ukimpa mmoja wa wapatanaji haki ya ada ya wakili, sheria huuhesabu kuwa umempa mshindi haki hiyo, awe nani.

Je, hapo ndipo haki ilipotimia? Tusifanye haraka kuitikia. Sheria ikatayo pande zote mbili yaonekana sawa machoni, lakini wanaokatwa hawana ngozi ya unene mmoja. Tajiri akishindwa na kulipa ada mbili, huguna akaendelea na shughuli zake. Fundi mdogo akishindwa na kulipishwa ada ya wakili wa tajiri, huenda akauza hata vyombo vyake vya kazi. Kwa hofu hiyo aweza kuliacha dai lake la haki likafa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kanuni iliyo sawa kwa herufi yaweza kuwa nzito kwa mmoja na nyepesi kwa mwingine. Kwa upande wa pili, ukimwondolea mdai hofu yote, utawafungulia mlango wadai waongo, na mwenye nyumba asiye na hatia ndiye atakayeumia. Ndiyo sababu sheria nyingi huagiza kwamba ada iwe ya kiasi, na humwachia jaji aipime kwa kutazama mambo yalivyokuwa.

Sisi wa Kenya twaweza kuyatazama mabishano haya kutoka ng'ambo na kujiuliza hali yetu. Kanuni yetu tuliipokea kutoka Uingereza. Sheria yetu ya Mwenendo wa Madai husema kwamba gharama hufuata matokeo ya shauri, yaani aliyeshindwa humlipa aliyeshinda, isipokuwa jaji akiwa na sababu njema ya kuamuru vinginevyo. Kwa hiyo msumeno wetu wakata pande zote mbili tangu zamani. Lakini Katiba yetu ya mwaka wa 2010 haikutosheka na hilo. Ibara ya 27 yaahidi usawa mbele ya sheria, na Ibara ya 48 yaitaka serikali ihakikishe kwamba watu wote wanaifikia haki, na kwamba ada ikitozwa iwe ya kiasi, isiwe kizuizi. Kwa kuifuata nia hiyo ilitungwa Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka wa 2016, na mahakama ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka wa 2021. Kwa marekebisho ya mwaka wa 2020 hupokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mtu aweza kusimama hapo na kusema shauri lake mwenyewe bila wakili. Hii ni njia ya tatu. Badala ya kugombania nani amlipe wakili, inapunguza haja ya wakili.

Katika habari hizi, msomaji, yako mambo mawili ya kutia moyoni. La kwanza ni kwamba haki ina gharama, na mtu mwenye kutunga sheria bila kuuliza ni nani atakayelipa gharama hiyo amejenga nyumba yenye mlango mzuri usio na ngazi. La pili ni kwamba nia njema haitoshi kuihalalisha sheria. Mabunge yaliyompa fundi ada yalikuwa na nia njema. Majaji walioikataa ada hiyo walikuwa nayo pia. Kilichowatenganisha ni maana ya neno moja, usawa, na neno hilo halikuisha kubishaniwa mwaka wa 1897 wala wa 1914. Utakapoketi siku moja katika baraza la kijiji, au katika bunge, au juu ya kiti cha hukumu, ukaletewa kanuni mpya yenye kumsaidia mnyonge, usiikubali kwa sababu ya huruma tu, wala usiikatae kwa sababu yapendelea upande mmoja tu. Uliza kwanza upendeleo huo una sababu gani, na ni nani asiye na kosa atakayeumizwa nao. Ukipata majibu ya maswali hayo mawili, utakuwa umefika pale majaji wale walipofika, na hukumu itakayobaki itakuwa yako.